Ugonjwa Usigeuzwe Kisingizio: Funzo la Kura za Beni na Butembo

Tarehe 26 Desemba 2018, zikiwa zimebaki siku nne tu Wakongo waende kupiga kura, Tume Huru ya Uchaguzi, CENI, ilitoa tangazo lililowashtua watu wa Kivu ya Kaskazini. Wakaaji wa mji wa Beni, wa teritwari ya Beni na wa mji wa Butembo hawatapiga kura pamoja na wenzao. Sababu zilizotajwa zilikuwa mbili: ugonjwa wa Ebola na ukosefu wa usalama. Eneo la Yumbi, huko Mai-Ndombe, nalo liliwekwa kando, kwa sababu ya mauaji makubwa yaliyotokea pale katikati ya mwezi huohuo. Wote hao waliambiwa wangoje hadi Machi 2019. Nchi iliyobaki, sisi wa Goma tukiwemo, ilipiga kura tarehe 30 Desemba.

Nakileta kisa hiki tena, ingawa miaka imepita, kwa kuwa funzo lake haliwahusu wakubwa wa Kinshasa peke yao. Maradhi ya kuambukiza hayajatuaga. Kila anayeongoza watu, awe mkubwa wa nyumba kumi, mchungaji, mwalimu mkuu au mwenyekiti wa chama cha akina mama, siku moja anaweza kulazimika kubadili utaratibu fulani kwa ajili ya ugonjwa. Wewe unaweza kuwa mmoja wao, nami pia. Na kosa lililofanyika kule ni jepesi kulifanya, hata kwa mtu mwenye nia safi.

Tuelewane kwanza kuhusu ukubwa wa hatari yenyewe. Ebola ya Beni haikuwa hadithi. Wizara ya Afya iliitangaza tarehe 1 Agosti 2018, baada ya wagonjwa kuonekana Mangina, si mbali na mji wa Beni. Ulikuwa mlipuko wa kumi katika historia ya nchi yetu, na ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umewapata watu 3,470, na kati yao 2,287 walifariki. Hakuna mlipuko mwingine wa Ebola duniani ulioua wengi kiasi hicho, isipokuwa ule wa Afrika ya Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016. Kwa hiyo kiongozi aliyeogopa foleni ndefu za watu wakigusa mashini ileile ya kupigia kura hakuwa mpumbavu. Hofu yake ilikuwa na msingi. Kilicholeta madhara ni namna uamuzi ulivyofanywa, na dalili zilizokuwa wazi mbele ya macho bila ya mtu kuzijali.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hebu tuyaangalie mawingu yale moja moja.

Dalili ya kwanza ilikuwa imani iliyokwisha kuchakaa. Watu wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga na risasi tangu Oktoba 2014, na jambo hilo halikukoma. Tarehe 22 Septemba 2018, mlipuko wa Ebola ukiwa umeanza, waasi waliushambulia mji wenyewe wa Beni na kuua watu wengi, na mji ukafungwa kwa maombolezo na kwa hasira. Watu waliona kwamba walipolia kwa sababu ya mapanga, msaada ulikuja polepole; lakini ilipokuja Ebola, magari mapya na wageni wenye mishahara mizuri walijaa barabarani. Haikuchukua muda, wengine wakaanza kunong'ona kwamba ugonjwa huu ni biashara. Septemba hiyohiyo watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika miji ya Beni na Butembo. Mtu mmoja katika kila wanne hakuamini kwamba Ebola ipo. Waliosema kwamba wanaamini viongozi wa mahali pao wanatetea maslahi yao walikuwa chini ya theluthi moja. Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa Machi 2019, lakini hukuhitaji kusoma jarida la kitabibu ili kulijua jambo hilo. Ilitosha kukaa sokoni nusu saa na kusikiliza.

Ukiwa kiongozi wa watu waliofika hapo, kila agizo unalotoa kwa jina la ugonjwa litapimwa mara mbili. Watauliza kama ni kweli, kisha watauliza linamfaidia nani. Basi agizo linalogusa haki yao kubwa kuliko zote linahitaji uangalifu kuliko yote. Huko Beni na Butembo ndiko upinzani ulikokuwa na nguvu, na hilo lilijulikana na kila mtu. Mgombea urais wa upinzani, Martin Fayulu, aliianzia kampeni yake Beni mwanzoni mwa Desemba, na umati uliojitokeza ulikuwa mkubwa mno.

Hapo ndipo ilipo dalili ya pili. Umati ule haukukatazwa. Watu walibanana bega kwa bega, wakaimba, wakapeana mikono. Shule zilikuwa zimefunguliwa tangu Septemba. Masoko yalifanya kazi, makanisa yalijaa kila Jumapili, mabasi yalipakia abiria kila asubuhi kuelekea Butembo na Goma. Mtu wa kawaida, asiye na shahada yoyote, alijiuliza swali moja tu: ikiwa Ebola hainizuii kununua mihogo sokoni, wala kusali, wala kumpeleka mtoto shule, kwa nini inizuie kupiga kura? Swali hilo halikujibiwa. Mkononi mwa kiongozi, kipimo cha afya lazima kiwe kimoja. Ukilegeza hapa na kukaza pale, watu hawatakuona kama mlinzi wa afya. Watatafuta sababu nyingine iliyokusukuma, na kwa kawaida wataipata.

Dalili ya tatu ilikuwa kwamba watu wa afya wenyewe walikuwa wamejiandaa kwa kura. Wizara ya Afya ilikwisha kueleza kwamba imeshirikiana na tume ili uchaguzi ufanyike, na kwamba wapiga kura wangenawa mikono kabla ya kuingia vituoni. Mpango huo ulifuata jinsi ugonjwa unavyoenea. Ebola huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Haisafiri hewani kama mafua, na mtu haambukizi wengine kabla dalili hazijaanza kumtokea. Maji yenye klorini mlangoni, kipimajoto cha kumbaini mwenye homa, nafasi kati ya mtu na mtu, kusafisha mashini kila mara: hayo yote yalikuwa mikononi mwa watu waliokwisha kuyazoea kwa miezi minne. Ndoo za kunawia zilikuwepo tayari mbele ya maduka na ofisi. Uamuzi unapotajwa kuwa wa afya, halafu waganga wakawa wameandaa njia nyingine, mtu yeyote atagundua kwamba kuna kitu hakikai sawa.

Dalili ya nne ilikuwa kalenda yenyewe, nayo ndiyo iliyouma zaidi. Rais mpya alipaswa kuapishwa Januari. Beni na Butembo zingepiga kura Machi. Maana yake ilikuwa wazi: wangechagua wabunge wa taifa na wa jimbo, lakini katika kumchagua Rais wa nchi wasingekuwa na neno. Kuahirishiwa kura ni jambo moja; kura yako kuja baada ya mshindi kukwisha kukaa kitini ni jambo lingine kabisa. Hao hawakuwa watu wachache. Walioandikishwa katika maeneo yote yaliyowekwa kando walizidi milioni 1 na laki 2. Matokeo yalipotangazwa tarehe 10 Januari 2019, Félix Tshisekedi alipewa kura zaidi ya milioni 7 na Martin Fayulu zaidi ya milioni 6. Tofauti kati yao haikufika laki 7. Yaani watu walioachwa nje walikuwa wengi kuliko pengo kati ya wa kwanza na wa pili. Hakuna anayeweza kuapa jinsi ambavyo wangepiga kura, lakini jeraha la kujua kwamba sauti yako ingeweza kuwa na uzito, na haikusikika, haliponi kwa maelezo.

Dalili ya tano ilikuwa kuchelewa. Ebola haikuanza Desemba. Kati ya Agosti na Desemba kulikuwa na miezi ya kutosha kukaa na viongozi wa dini, wa vijana, wa wafanyabiashara, na wakubwa wa mitaa, na kuwauliza: ndugu zetu, tufanyeje? Tayari uchaguzi wa nchi nzima ulikuwa umesogezwa kwa wiki moja kutoka tarehe 23, baada ya moto kuteketeza maelfu ya mashini za kura katika ghala la tume mjini Kinshasa. Watu walikuwa wamesubiri miaka miwili, kwa kuwa uchaguzi huo ulipaswa kufanyika mwaka 2016. Kisha, siku nne kabla, wanaambiwa: ninyi bakini nyumbani. Uamuzi wa dakika za mwisho, hata ukiwa mwema, hunuka hila.

Hizo ndizo dalili tano, na zote zilionekana mchana kweupe. Kilichofuata kila mtu angeweza kukitabiri.

Kesho yake, tarehe 27 Desemba, watu wa Beni waliingia barabarani. Hasira yao haikuelekea ofisi za uchaguzi peke yake. Iliwaelekea watu wa Riposti, yaani wale waliokuwa wakipambana na Ebola. Kituo walimowekwa watu walioshukiwa kuwa na ugonjwa kilivamiwa na kuharibiwa, na wagonjwa wakakimbia. Mashirika kadhaa yakasimamisha kazi Beni kwa muda. Kwa siku zile, waliokuwa wamegusana na wagonjwa, ambao hupaswa kufuatiliwa siku 21 mfululizo, hawakutembelewa kama ilivyotakiwa. Na tazama ubaya wa wakati wenyewe: maambukizi katika mji wa Beni yalikuwa yameanza kupungua. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alionya siku hizohizo kwamba mafanikio hayo yangeweza kupotea ikiwa vurugu zingeendelea.

Mimi siwatetei waliovunja kituo. Aliyevunja mahali pa kutibiwa wagonjwa alijidhuru mwenyewe na jirani yake. Lakini kiongozi mwenye busara hujiuliza ni nani aliyewafundisha watu kuunganisha mambo hayo mawili. Ilikuwa mamlaka iliyosema kwamba kwa sababu ya Ebola hamtapiga kura. Kuanzia saa ile, mbele ya watu wengi, muuguzi aliyevaa nguo za kinga na ofisa aliyefuta kura yao wakawa kundi moja. Muuguzi yule hakushirikishwa katika uamuzi, lakini yeye ndiye aliyekuwa barabarani kupokea mawe.

Halafu likatokea jambo ambalo linanifundisha kuliko mengine yote. Tarehe 30 Desemba, nchi iliyobaki ikipiga kura, maelfu ya watu wa Beni walijitengenezea uchaguzi wao. Waliandaa karatasi, wakapanga foleni, na kabla ya kupiga kura wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola. Kura hizo hazikuhesabiwa na mtu yeyote wa serikali. Lakini raia wasio na bajeti, wasio na mashini wala wataalamu, walionyesha kwa siku moja kwamba jambo lililosemwa haliwezekani lingeweza kujaribiwa. Watu walewale walioambiwa kwamba hawaaminiki kukusanyika kwa usalama ndio walioleta maji na sabuni.

Kisha ikaja tarehe 31 Machi 2019. Beni na Butembo zikapiga kura zao za wabunge. Je, Ebola ilikuwa imekwisha? La. Desemba wagonjwa waliokuwa wamehesabiwa tangu mwanzo walikuwa kama 600. Ilipofika wiki ile ya uchaguzi wa Machi walikuwa wamepita 1,000, na Butembo pamoja na eneo la afya la Katwa ndiko kulikowaka zaidi. Februari, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilikuwa vimechomwa moto. Hata hivyo kura zilipigwa. Kwa hiyo kila mkaaji alibaki na hesabu nyepesi kichwani: ugonjwa ulipokuwa mdogo tulikatazwa, ulipokuwa mkubwa tuliruhusiwa. Baada ya hapo, ungemwambia nini akuamini?

Gharama ya kutoaminiwa iliendelea kulipwa. Tarehe 19 Aprili 2019, daktari kutoka Kameruni, Richard Valery Mouzoko Kiboung, aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Sisemi kwamba tangazo la Desemba ndilo lililomuua. Chuki ile ilikuwa na mizizi mingi na wachochezi wengi. Nasema tu kwamba mahali palipokuwa pakavu namna ile, mwenye akili hachezi na kiberiti. Nasi wa Goma hatukubaki salama kwa kuwa mbali. Julai 2019 mchungaji mmoja alifika mjini kwetu kwa basi kutoka Butembo akiwa mgonjwa, na tarehe 14 ikathibitishwa kwamba ni Ebola. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hii ni dharura ya afya ya kimataifa. Tuliponea kwa kuwa maandalizi yalikuwa yamefanywa mapema, wahudumu wa afya wakachanjwa, na ugonjwa haukuenea mjini kama ulivyohofiwa. Kuaminiana kukivunjika Beni, Goma huugua.

Wengine watasema: basi ugonjwa ukija tusibadili chochote? Hapana. Liberia ilikuwa na uchaguzi wa maseneta mwaka 2014, Ebola ikiwa imeenea nchini. Waliusogeza kutoka Oktoba hadi Desemba, lakini waliusogeza kwa nchi nzima. Waliopinga walikwenda Mahakama ya Juu, wakasikilizwa, hukumu ikatolewa. Tarehe 20 Desemba watu walipiga kura wakiwa wamepimwa joto, wamenawa, na wameachiana nafasi katika foleni. Waliojitokeza walikuwa wachache, na mambo hayakuwa makamilifu. Hata hivyo hakuna kijiji kilichoambiwa kwamba ugonjwa wake unakifutia sauti.

Na upande wa pili, tazameni Uganda. Wakati wa uviko, kampeni za uchaguzi wa Januari 2021 ziliwekewa masharti ya afya. Novemba 2020 mgombea Bobi Wine alikamatwa kwa madai ya kuvunja masharti hayo, ghasia zikazuka, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha kwa siku chache. Masharti yaliyoandikwa kuokoa maisha yaliishia penye risasi, na wengi waliamini kwamba mpinzani alikazwa huku wengine wakilegezewa. Kipimo kisipokuwa kimoja, mwisho wake ni huo.

Basi tujifunze nini, sisi ambao hatuongozi tume wala wizara?

Kwanza, tuamue mapema. Ikiwa mtaani kuna kipindupindu au mpox na wewe una mkutano wa kuchagua kamati ya wazazi, usingoje hadi jioni ya mwisho. Waite watu wakati bado kuna siku za kuzungumza. Pili, tumwache mtu wa afya aseme yaliyo ya afya. Mwite muuguzi wa kituo aeleze mbele ya wote hatari iko wapi na inazuiwaje, wala usiyaweke maneno yako kinywani mwake. Tatu, tuwe na kipimo kimoja. Ukifunga mkutano wa kuchagua viongozi, funga na sherehe ya rafiki yako. Usipoweza kufanya hivyo, basi hukufunga kwa ajili ya ugonjwa.

Nne, tutafute kwanza namna ya kufanya kabla ya kutafuta sababu ya kutofanya. Kura inaweza kupigwa uwanjani badala ya chumbani, kwa siku mbili badala ya moja, kwa zamu za nyumba kwa nyumba, wazee wakitangulia. Tano, lisipowezekana kabisa, tuahirishe kwa wote, na tarehe mpya iwe kabla uamuzi haujafanywa. Kumpa mtu kura baada ya matokeo ni kumdhihaki.

Na la sita ni gumu kuliko hayo yote: tujichunguze. Ninaposema "ni kwa sababu ya ugonjwa," je, ningesema hivyohivyo kama wanaozuiwa wangekuwa watu wa upande wangu? Ninaliandika swali hili nikijua kwamba hata mimi linanibana. Cheo kidogo tu kinatosha kumfanya mtu apende sababu inayomwondolea wapinzani, hasa sababu inayosikika vizuri kama afya ya umma.

Desemba 2023 nchi yetu ilipiga kura tena, na safari hii sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru ikabaki nje kwa ajili ya vita. Wengi wa watu hao walikuwa hapa kwetu, kambini, pembeni mwa Goma. Sababu ilibadilika, lakini waliokaa kando wakitazama wenzao wakichagua walikuwa tena ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini. Kwa hiyo tusidhani kwamba kisa cha Beni kimezikwa. Ukisikia tena kwamba kundi fulani lingoje kwa faida yake lenyewe, uliza mapema, na uulize kwa upole: nani ameamua, kwa ushahidi gani, kipimo hiki kinamgusa nani mwingine, na zamu yetu itafika kabla au baada ya matokeo? Na siku ukiwa wewe ndiwe unayetangaza, hakikisha una majibu ya maswali hayo manne kabla hujafungua kinywa.